Tuliingia wanane kwa jina moja, akalaumiwa mmoja

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, katika ukurasa huu wa barua, msomaji mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mstaafu wa ushirika aliandika kwa uchungu kwamba mifumo ya kompyuta ya siku hizi inawatukana wafanyakazi. Keshia hawezi kuona hiki, afisa mikopo hawezi kugusa kile, kila mtu kafungiwa kwake kama mshukiwa. Zamani, alisema, tulikuwa na daftari moja mezani na tuliaminiana.

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye daladala ya Kihonda mpaka nikapitilizwa kituo. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Morogoro, mwaka wa kumi na tisa huu, na daftari unalolisema nimelijaza kwa mkono wangu. Nakujibu kwa sababu hicho unachokiita tusi, laiti tungekuwa nacho mwaka 2022, kingemwokoa binti mmoja aliyekuwa anakaa meza ya pili kutoka kwangu.

Chama chetu ni cha wafanyabiashara wadogo: wauza mbogamboga, mafundi cherehani, mama lishe. Mwaka 2021 tuliachana na kompyuta ya mezani iliyokuwa inazimika kila umeme ukikatika, tukakodi seva ya mbali. Vijana wanaiita klaudi, nyie wa magazeti mnaandika wingu. Sisi wa Morogoro wingu tunaliona kila asubuhi limekalia milima ya Uluguru, kwa hiyo mjumbe mmoja wa bodi aliuliza, tena kwa dhati, mvua ikinyesha hesabu zitakuwaje. Tulimcheka. Lakini yeye angalau aliuliza. Sisi wengine hatukuuliza lolote. Wingu letu, nilikuja kujua baadaye, ni kompyuta za Amazon zilizoko Cape Town, na tunazilipia kwa dola kila mwezi kadiri tunavyozitumia.

Aliyetufungia mfumo alitukabidhi jina moja la kuingilia na paswedi moja, vimeandikwa kwenye karatasi. Ndiyo ile akaunti mama, inayofunguliwa siku ya kwanza kwa barua pepe na kadi ya benki. Wao wanaiita ruti, yaani mzizi. Mwenye ruti anaweza kuwasha, kuzima, kufuta, hata kuifunga akaunti yenyewe, na ndani ya akaunti hiyo karibu hakuna kinachomzuia. Karatasi ile tuliibandika nyuma ya kalenda ya benki, karibu na birika la chai.

Utauliza, keshia anataka nini kwenye ruti? Nieleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Mfumo kama wetu una milango miwili. Wa kwanza ni programu ya hesabu, ambako keshia anaandika marejesho na afisa mikopo anafungua faili la mkopaji. Huko kila mtu alikuwa na jina lake. Mlango wa pili uko chini yake: ni jopo la wingu lenyewe, mahali seva inapowashwa na bakapu, yaani nakala za akiba za data, zinapotunzwa. Ili kupunguza bili, tuliambiwa tuzime seva usiku na kuiwasha asubuhi. Basi aliyewahi kufika ofisini ndiye aliyefunua kalenda, akasoma karatasi, akaiwasha. Tulikuwa wanane, na wote wanane tulikuwa mzizi. Mlango wa mbele tuliuwekea mlinzi, wa nyuma tukauegesha tu.

Jumatano ya tarehe 29 Juni 2022 programu ya hesabu iligoma kufunguka. Data zilikuwa zimeharibika. Hilo peke yake si msiba, ndiyo maana ya bakapu. Tukamwita kijana wa kompyuta, akaingia, akatafuta bakapu. Zilitakiwa kuwa kumi na nne. Hakukuta hata moja.

Wingu lina tabia moja nzuri: linaandika. Kila amri inayotolewa kwenye jopo lile inabaki kwenye kumbukumbu kwa siku 90, hata kama hukuomba. Kijana akachapisha karatasi. Ijumaa ya tarehe 10 Juni, ndani ya dakika nne, bakapu zote kumi na nne zilifutwa, moja moja, na mtu aliyeingia kwa jina la ruti kutoka kwenye intaneti ya ofisi yetu. Sidhani kama alikuwa mwizi. Wiki ile meneja alikuwa amelalamikia bili ya dola mbele yetu sote, akasema punguzeni vitu visivyo na kazi. Naamini mmoja wetu alidhani anasaidia.

Nani sasa? Karatasi ilisema ruti. Ruti ni nani? Ni sisi wote.

Meneja akaitazama saa. Imeandikwa 14:02. Saa nane na dakika mbili mchana, siku ya Ijumaa. Ijumaa mapumziko yetu yanakwenda hadi saa nane na nusu kwa ajili ya swala, na kila mtu alijua kwamba saa hizo anayebaki ofisini ni karani wa mapokezi, binti wa miaka 24, anayekuja na chakula chake kwenye hotpoti na kula mezani. Tena ndiye aliyekuwa anapenda kompyuta kuliko sisi sote. Hakuna aliyemwita mwizi. Waliacha tu mkataba wake uishe mwezi Julai, bila kuuhuisha. Mimi nilikuwepo kwenye kikao. Sikusema kitu, kwa sababu nami niliamini ile saa.

Miezi minne tuliingiza upya hesabu kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, kwa zamu, hadi saa mbili usiku. Mimi, kwa hasira zaidi kuliko kwa kupenda elimu, nikaamua kujifunza kile kitu kilichotuumiza. Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni alinitumia vya kusoma, nami nikavisoma usiku kwa bando langu mwenyewe. Mwezi Oktoba, nikiwa nafuatisha maelezo ya namna ya kusoma zile kumbukumbu, nikakuta sentensi moja fupi: herufi Z mwishoni mwa saa maana yake ni saa za dunia, zile za Greenwich. Nikaenda kabatini, nikaitoa karatasi yetu. 14:02:37Z. Ongeza saa tatu ili upate saa za Afrika Mashariki: ni saa kumi na moja na dakika mbili jioni. Muda huo wa Ijumaa tunafunga hesabu za wiki. Wote wanane tunakuwa ofisini, mimi nikiwemo.

Sasa mzee wangu, nirudi kwenye hoja yako.

Kugawa ruhusa kwa majukumu ni kitu chepesi ukikitoa kwenye Kiingereza chake. Mimi nakiita kiti. Ruhusa unaziweka kwenye kiti, mtu anakalia. Kiti cha keshia kina ruhusa hizi na hizi. Leo anakikalia fulani, kesho akienda likizo ya uzazi anakikalia mwingine, akirudi anarudishiwa. Hakuna anayempa mwenzake paswedi. Mtu anaingia kwa jina lake mwenyewe, halafu anaomba kukaa kwenye kiti, na kumbukumbu inaandika vyote viwili: jina la mtu na jina la kiti. Kwenye wingu la Amazon hata kukalia kiti kwenyewe kuna kikomo cha muda. Ukiomba kiti unapewa kwa saa moja kama hujapangiwa zaidi, na kwa kawaida muda mrefu kabisa ni jumla ya saa 12. Baada ya hapo unaombwa uinuke.

Fikra hii si ya wingu wala si ya jana. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa ruhusa chache kadiri kazi yenyewe inavyotosheka. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya nchi hiyo, wakaweka wazi wazo la kufunga ruhusa kwenye jukumu badala ya kuzifunga kwenye mtu. Wewe na mimi tulikuwa tunafanya hivyo kwa kalamu. Hukumbuki watia saini wa benki? Kundi A, mwenyekiti na makamu. Kundi B, katibu na mweka hazina. Hundi haitoki mpaka apatikane mmoja wa A na mmoja wa B. Mwenyekiti akitoka madarakani unaandika muhtasari wa kikao, unaupeleka benki, saini yake inaondolewa, ya mpya inaingia. Benki haimjui mtu, inakijua kiti. Sefu ilikuwa na funguo mbili kwa watu wawili. Stakabadhi ilikuwa na nakala tatu. Nani alisema ametukanwa? Mweka hazina aliyekuwa mwaminifu ndiye aliyezidai nakala zake tatu kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu siku fedha zikipungua zile nakala ndizo zingemtetea.

Januari 2023 tulikaa, mimi na kijana mwingine wa kompyuta, tukaandika kwenye karatasi kubwa ya manila: nani anafanya nini hasa. Si anaitwa nani, anafanya nini. Tulipomaliza, kati ya watu wanane waliokuwa mzizi, waliohitaji kuugusa mlango wa pili walikuwa watatu tu. Fundi anawasha na kurekebisha seva lakini hasomi ndani ya hesabu za wanachama. Mimi naona bili na naona orodha ya bakapu, sifuti. Mkaguzi wa ndani anaona kila kitu na hagusi chochote. Kazi ya kuwasha seva asubuhi tukaipa ratiba ya mashine; hakuna tena anayefunua kalenda.

Tukafika kwenye kiti ambacho sikuwahi kukifikiria: kiti cha mashine. Seva yenyewe ndiyo inayopeleka bakapu kila usiku kwenye ghala la mafaili, ambalo Amazon wanaliita ndoo, ndoo hasa kama ya maji. Nayo seva inahitaji ruhusa. Kijana alitaka kuipa zote ili isisumbue. Nikamwambia subiri. Seva ina kazi moja, kumimina ndani ya ndoo. Kwa nini iwe na ruhusa ya kumwaga? Basi ikapewa kumimina tu. Halafu mpwa wangu akatukumbusha kwamba anayeweza kumimina anaweza pia kufunika la zamani kwa jipya lenye jina lilelile, ambako ni kufuta kwa adabu. Tukawasha utunzaji wa matoleo, la zamani likabaki chini ya jipya. Kitu kidogo namna hiyo kilituchukua jioni mbili.

Mashine kupewa kiti kikubwa kuliko kazi yake si hadithi ya vijijini kwetu. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliingiliwa kupitia ukuta wa ulinzi, yaani mashine ya kuchuja wanaoingia, uliokuwa umepangwa vibaya. Mwingiliaji alichukua ruhusa za muda za kiti cha mashine ile, na kiti hicho kilikuwa kinaweza kuorodhesha ndoo na kusoma yaliyomo. Taarifa za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikatoka, na mwaka uliofuata benki ikapigwa faini ya dola milioni 80. Kabla yao, mwaka 2014, kampuni ya Code Spaces iliyokuwa ikiwatunzia watu programu zao ilivamiwa kwenye jopo lake la wingu. Wenyewe walipojaribu kulirudisha mikononi mwao, mvamizi akafuta sehemu kubwa ya data pamoja na bakapu. Kampuni ikafunga milango. Sisi tuliponyoka na vitabu vya stakabadhi. Wao hawakuwa navyo.

Kazi ngumu haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa meneja. Aliposikia kwamba kwenye orodha ya mlango wa pili hayumo, aliniita ofisini, akafunga mlango. “Mama, mimi ndiye mkubwa hapa. Nipe ruhusa zote, kisha hao wengine muwagawie mnavyotaka.” Nikamwambia, bosi, wewe ni mkubwa wa dereva pia, lakini funguo za pikipiki ya ofisi hulali nazo. Hakucheka. Nikajaribu njia nyingine: siku kikiharibika kitu, orodha ya kwanza kutazamwa ni ya wenye uwezo wa kukiharibu. Wataka jina lako liwe humo kila siku kwa kazi usiyoifanya? Hapo alinyamaza, akaniuliza fomu yenyewe inasainiwa wapi.

Na si kwamba wauza mawingu wanatusaidia sana. Vile viti vya kununua vimeshatengenezwa ni vipana mno. Google wana vitatu vya kale: mmiliki, mhariri na mtazamaji. Mhariri wao, samahani Ndugu Mhariri, anaweza kubadili na kufuta karibu kila kitu kwenye mradi, na Google wenyewe wanashauri visitumike kwenye mifumo ya kazi halisi ikiwa kuna njia nyingine. Microsoft kidogo wamenifurahisha. Wana kiti cha mchangiaji ambacho kinaweza kujenga na kubomoa lakini hakiwezi kumpa mtu mwingine ruhusa. Kutumia na kugawa ni madaraka mawili tofauti, na kwenye vyama vyetu matatizo mengi yameanzia kwa mtu aliyekuwa navyo vyote viwili.

Ruti hatukuitupa, haitupiki. Tuliibadilishia paswedi, tukaifunga kwa kifaa kidogo cha kutoa namba, na barua pepe yake tukaihamisha kutoka kwa katibu wa zamani, ambaye alishahama chama muda mrefu na bado alikuwa anapokea bili zetu. Paswedi iko kwenye bahasha iliyopigwa lakiri, bahasha iko ndani ya sefu, na kwenye lakiri kuna saini mbili. Tangu hapo tumeifungua mara moja. Kalenda tumeiacha ukutani. Nyuma yake kuna alama nne za gundi.

Najua kuna ubaya wake pia, sitaficha. Viti vinazaana. Mtu anahamishwa kutoka mikopo kwenda uhasibu, anapewa kiti kipya na cha zamani kinabaki naye, na baada ya miaka miwili ana funguo ambazo hata yeye amezisahau. Kila robo mwaka nachapisha orodha, naipitia kwa kalamu nyekundu kama ninavyopitia madeni sugu. Mara ya mwisho nilimkuta mtu aliyeacha kazi siku 40 nyuma akiwa bado yumo. Kosa hilo lilikuwa langu. Na wakaguzi wa nje waliokuja mwaka jana walihesabu mpaka viti vya plastiki vya ukumbini, ila viti hivi vingine hawakuviulizia. Nilikuwa nimewaandalia orodha nzuri, nikairudisha kwenye droo.

Hili ningependa litazamwe na wanaosimamia ushirika: swali la nani anaweza kufuta nini liulizwe palepale linapoulizwa swali la fedha taslimu sandukuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai tulinde taarifa za watu, na kwenye faili la mkopaji wetu kuna namba ya NIDA, picha, jina la mrithi na hali ya afya ya mdhamini. Mama lishe aliyetupa hayo yote hakuwapa watu wanane na karatasi nyuma ya kalenda.

Mzee wangu, umeuliza mwishoni mwa barua yako imani imekwenda wapi. Mimi binti yule nilimwamini, na imani yangu haikumfaa kitu. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu wenye jina la mtu mwingine. Sasa hivi ana meza ya kusajili laini za simu pale Msamvu. Nikienda kununua vocha ananiamkia kama zamani, na kila mara ananirudishia chenji akihesabu kwa sauti, noti kwa noti, mbele yangu. Zamani hakuwa na tabia hiyo.

Novemba 2022 niliandika barua ya bodi ya kumsafisha, nikaambatisha ile karatasi ya kumbukumbu na herufi Z nimeizungushia duara. Ni barua rasmi, kwa hiyo kwa utaratibu wetu inataka saini mbili. Ya kundi A ipo. Ya kundi B bado.

Jina langu unalo, Ndugu Mhariri, lakini usilichapishe.

Mhasibu wa ushirika,
Kihonda, Morogoro